Maswali ya Wasomaji: Samoni na trauti, nani ndugu wa nani?

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu samaki wa nyama ya rangi ya chungwa anayelala kwenye barafu za supamaketi na majokofu ya hoteli hapa jijini. Tumechagua sita na kuzifupisha. Majina ya kisayansi tumeyaacha yalivyo, kwa kuwa kwa samaki hawa ndiyo majina yasiyompoteza mnunuzi.

Supamaketi moja ya Masaki nilikuta minofu ya aina mbili kwenye barafu ileile, rangi ileile. Mmoja umeandikwa samoni, mwingine trauti wa baharini, na bei haikulingana. Muuzaji akasema ni samaki mmoja, wamepishana ukubwa tu. Ni kweli? (Msomaji, Msasani)

Hapana. Ni samaki wawili, na hata jenasi zao, yaani makundi ya spishi za karibu, ni tofauti. Samoni mbichi anayeuzwa duniani kwa sehemu kubwa ni samoni wa Atlantiki wa kufugwa, *Salmo salar*. Norwei na Chile ndizo zinazoongoza kwa kumfuga. Trauti wa baharini kwa kawaida ni trauti wa upinde wa mvua, *Oncorhynchus mykiss*, aliyeanguliwa kwenye maji yasiyo na chumvi kisha akakuzwa kwenye vizimba baharini hadi kufikia kilo kadhaa. Akiwa na ukubwa huo hung'aa kama fedha na umbo lake humkaribia samoni. Muuzaji wako alidanganywa na macho, na si yeye peke yake.

Chanzo cha mkanganyiko ni majina yenyewe. Wavuvi wa Ulaya walimwita samoni yule anayekwenda baharini na kurudi mtoni akiwa mkubwa, na trauti yule mwenye madoa anayeshinda kwenye kijito. Wazungu walipofika pwani ya Pasifiki wakakuta samaki wenye mienendo kama hiyo, wakawapa majina yaleyale. Kwa hiyo majina haya yalifuata tabia ya samaki, ukoo haukuangaliwa. Wataalamu nao walifuata njia hiyo kwa muda mrefu: trauti wa upinde wa mvua aliitwa *Salmo gairdneri* mpaka mwaka 1989, alipohamishiwa *Oncorhynchus*, jenasi ya samoni wa Pasifiki, baada ya ushahidi wa mifupa na wa vinasaba kuonyesha kuwa huko ndiko kwao. Jina *mykiss* likarudishwa kwa sababu mtaalamu Walbaum alikuwa amemwandika samaki huyohuyo wa Kamchatka, rasi ya mashariki ya mbali ya Urusi, mwaka 1792, na kwa kanuni za majina ya wanyama, jina la kwanza hushinda. Maana yake, huyu anayeitwa trauti ni ndugu wa karibu zaidi wa samoni wa Pasifiki, wale wa kopo, kuliko wa trauti wa kahawia wa Ulaya, *Salmo trutta*. Na trauti huyo wa kahawia ndiye ndugu wa karibu wa samoni wa Atlantiki, hata huweza kuzaliana wakikutana mtoni.

Rangi ya nyama isikuongoze. Inatokana na astaksanthini, rangi ya asili ambayo samaki wa porini huipata kwa kula uduvi na jamaa zake, na wa kufugwa hutiliwa kwenye chakula. Mfugaji anaweza kumfanya samoni apauke na trauti akolee. Omba mnofu wenye ngozi, ugeuze. Ngozi ya samoni wa Atlantiki ina madoa meusi machache, karibu yote juu ya mstari wa ubavuni (ule mwembamba unaotoka kichwani hadi mkiani), mengine yamekaa kama herufi X. Ya trauti wa upinde ina madoa madogo mengi yanayoteremka hadi chini ya mstari huo. Mnofu ukishavuliwa ngozi, kwa macho hutakuwa na uhakika. Omba kuona boksi lake la asili, ambalo mara nyingi huchapwa jina la kisayansi.

Nauza samaki Feri na sasa naletewa pia mabonge ya samaki wazima wa kuganda kutoka nje, mengine boksi zimeshachanika. Hoteli wanataka niwaambie ni aina gani. Naangalia wapi? (Mfanyabiashara, Kivukoni)

Ndugu, kwanza mwache alainike ndani ya jokofu usiku kucha. Ukimpima angali jiwe, mapezi huvunjika na magamba hung'oka pamoja na barafu. Asubuhi mmwagie maji umtoe ute bila kumsugua, umlaze kwa ubavu kwenye mwanga mzuri.

Anza mgongoni. Kati ya pezi kubwa la mgongo na mkia kuna kipande kidogo cha nyama kisicho na mwiba wala kijiti ndani. Ukikibinya ni laini kama ndewe ya sikio. Hilo ni pezi la shahamu, na ukoo wote wa samoni unalo. Usipoliona, usimkatae samaki haraka. Kwenye vituo vya kuangulia samaki vya Marekani na Kanada, vifaranga wengi hukatwa pezi hilo kwa makusudi ili mvuvi amtofautishe wa kituoni na wa asili. Utakuta kovu tu.

Sasa mgeuze tumbo na utafute pezi lililo nyuma ya tundu la haja. Litandaze kwa vidole viwili uhesabu vijiti vyake. Samoni wa Pasifiki huwa na 13 au zaidi. Jenasi *Salmo* pamoja na trauti huwa na 12 au pungufu. Tunakiamini kipimo hiki kuliko vingine, kwa sababu fedha ya baharini hufuta madoa na vizimba hukwangua mikia, lakini idadi ya vijiti haibadiliki. Wengi hukosea kwa kuhesabu kwenye ncha. Kila kijiti hugawanyika kikifika ukingoni, na hapo 11 hugeuka 20. Hesabu penye shina, tumia kijiti cha meno kuelekeza, na uache vile vijiti vifupi viwili vitatu vya mbele ambavyo havikufika urefu kamili.

Akiwa na 12 au pungufu, fungua mkia. Mkia wa trauti wa upinde umejaa nukta nyeusi zilizojipanga kwa mistari kuelekea ukingoni. Mkia wa samoni wa Atlantiki hauna nukta, au unazo chache mno. Ukiona mwili wa rangi nzito wenye madoa meupe, ya manjano au mekundu, na mapezi ya chini yenye ukingo mweupe kwa mbele, huyo ni chari, jenasi *Salvelinus*. Kanuni ni nyepesi: samoni na trauti wana madoa ya giza juu ya mwili mweupe, chari ana madoa ya mwanga juu ya mwili wa giza.

Akiwa na 13 na kuendelea, mfungue mdomo. Fizi nyeusi penye meno ya chini, na nukta pande zote mbili za mkia, ni *Oncorhynchus tshawytscha*, mkubwa kuliko samoni wote. Fizi nyeupe, nukta upande wa juu tu wa mkia, ni *O. kisutch*. Madoa makubwa ya umbo la yai mkiani ni *O. gorbuscha*. Asiye na madoa kabisa ni *O. nerka* au *O. keta*, hapo inua kifuniko cha mashavu uangalie vimeno vinavyochuja chakula kwenye tao la kwanza la mashavu. *Nerka* anavyo 28 hadi 40, virefu na vyembamba kama chanuo. *Keta* anavyo vichache, vifupi na vinene.

Samoni wa Atlantiki na trauti wa kahawia ndio wanaosumbua zaidi. Mshike shina la mkia kwa mkono mmoja umnyanyue: samoni hakuponyoki, kwa kuwa shina lake ni jembamba na mkia unatanuka ghafla, trauti huteleza. Kisha hesabu magamba kwa mshazari kutoka nyuma ya pezi la shahamu kushuka mbele hadi mstari wa ubavuni. Samoni ana 10 hadi 13, trauti 13 hadi 16. Ukipata 13, angalia taya la juu. La trauti mkubwa hupita nyuma ya jicho.

Nafundisha biolojia sekondari. Kitabu kimoja kinasema familia ya Salmonidae ina spishi 70 hivi, kingine zaidi ya 200. Niwaambie wanafunzi ipi, na tofauti kubwa namna hii inatoka wapi? (Mwalimu, Temeke)

Mwalimu, waambie namba zote mbili halafu uwaeleze kwa nini, maana humo ndimo lilimo somo lenyewe.

Mfumo wa juu hauna ugomvi. Familia ina nusufamilia tatu. Coregoninae ni samaki wa magamba makubwa, mdomo mdogo na meno dhaifu au wasio na meno kabisa, wengi wao wa maziwa ya baridi. Jenasi zao ni *Coregonus*, *Prosopium* na *Stenodus*. Thymallinae ina jenasi moja tu, *Thymallus*, inayotambulika kwa pezi la mgongo refu lililosimama kama tanga. Salmoninae ndio wenye magamba madogo, zaidi ya 110 kwenye mstari wa ubavuni, na meno makali: *Salmo*, *Oncorhynchus*, *Salvelinus*, *Hucho*, *Parahucho*, *Brachymystax*, na *Salvethymus*, jenasi ya spishi moja inayoishi kwenye Ziwa Elgygytgyn tu, kaskazini-mashariki mwa Urusi, ziwa lililochimbwa na kimondo miaka milioni 3.6 iliyopita. Wote asili yao ni nusu ya kaskazini ya dunia. Waliopo Chile, New Zealand au kwenye mito ya Mlima Kenya walipelekwa na watu.

Ugomvi uko chini, kwenye spishi. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi, aliwagawa trauti wa Ulaya katika spishi zaidi ya moja kwa kuangalia wanakoishi na rangi zao. Günther, mtaalamu wa samaki wa karne ya 19, akahesabu spishi kadhaa ndani ya Visiwa vya Uingereza peke yake. Baadaye wataalamu wakazikusanya zote kuwa *Salmo trutta* moja, na katika miongo ya karibuni wengine wameanza kuzigawa tena. Tatizo ni kwamba samaki hawa hubadilika sana kulingana na maji. Ziwa Thingvallavatn la Iceland lina chari wa namna nne: mkubwa na mdogo wanaokula konokono wa chini, anayekula viumbe vidogo vinavyoelea, na anayekula samaki wenzake. Wanatofautiana kwa midomo na kwa ukubwa, ila vinasaba vyao viko karibu mno. Wengi huwahesabu wote kuwa *Salvelinus alpinus*. Mwenye kipimo kingine atawahesabu zaidi ya mmoja, na jumla ya familia itapanda.

Wanafunzi wako wataelewa upesi ukiwapa mfano wa furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwa kuwa habari zao zinafanana mpaka kwenye msiba. Furu wa ziwa letu walijitenga kwa chakula na kwa rangi, jike akimchagua dume kwa rangi yake. Maji yalipochafuka na kuwa ya ukungu, majike hayakuona vizuri rangi hizo, na spishi zilizokuwa zimejitenga zikaanza kuchanganyika. Kwenye maziwa ya milima ya Alpi, *Coregonus* walijitenga kwa kina cha kutagia, wengine juu, wengine chini kabisa. Katika karne ya 20 fosfeti za mashambani na za maji taka zililisha mwani, mwani ukafa ukazama, ukaoza na kumaliza oksijeni ya chini. Mayai ya kina kirefu yakafa, waliobaki wakapanda kutaga pamoja na wenzao wa juu, na spishi zikayeyukiana. Baadhi zimetoweka bila kuvuliwa na yeyote. Tunaona jambo hili lastahili kipindi kizima darasani kuliko orodha yoyote ya majina.

Kuna sababu nyingine, ya ndani zaidi. Miaka kati ya milioni 80 na 100 iliyopita, kromosomu zote za babu wa samaki hawa zilijirudufu kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo kila tawi limekuwa likizipanga upya kwa namna yake. Trauti wa kahawia ana kromosomu 80. Samoni wa Atlantiki, ndugu yake wa karibu, kwa kawaida ana 58, kwa kuwa nyingi zimeungana mbili mbili. Jamaa wa karibu zaidi wa familia hii nje yake, samaki wa jenasi *Esox*, hawakupitia urudufu huo.

Kuna kopo la samoni wa pinki na kopo la samoni mwekundu. Mwekundu ni ghali. Tofauti ni rangi tu? Na ile mifupa ndani, watoto wanaweza kula? (Mama wa watoto watatu, Tabata)

Ni spishi mbili, dada. Wa pinki ni *O. gorbuscha*, mdogo kuliko samoni wote wa Pasifiki, nyama yake ni nyepesi na huvunjika haraka. Mwekundu ni *O. nerka*, anayekula viumbe vidogo vyenye rangi nyingi, na nyama yake ina mafuta zaidi. Kwa katlesi au sambusa chukua wa pinki. Wa bei kubwa mweke kwa saladi, ambako rangi na mapande mazima yataonekana.

Mifupa hiyo imepikwa ndani ya kopo kwa joto la shinikizo mpaka imelainika. Ipondeponde kwa uma uichanganye, ina kalsiamu nyingi.

Wa pinki ana jambo moja la ajabu. Huishi miaka miwili kamili, hutaga mara moja, akafa. Kwa hiyo waliozaliwa mwaka wa namba shufwa hawakutani kamwe na wa mwaka wa namba witiri, hata kama mto ni uleule, na vinasaba vyao vimetengana. Samoni wengi wa Pasifiki hufa wakishataga. Wa Atlantiki anaweza kurudi baharini na kutaga tena.

Shikamooni. Nina matangi mawili ya lita 1,000 Kigamboni, nafuga sato. Nataka kujaribu trauti kwa sababu bei yake ni nzuri. Nitie barafu maji yapoe? (Kijana mfugaji, Kigamboni)

Marahaba. Usijaribu, na sababu ni hesabu tu. Trauti wa upinde hukua vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi. Zikipita 20 huanza kususa chakula, na zikikaribia 25 hufa. Maji yako ya Kigamboni yapo kati ya 26 na 30. Kushusha lita 1,000 kutoka nyuzi 28 hadi 15 kunahitaji karibu kilo 140 za barafu kwa tangi moja, kwa mara moja, na jua la saa nane mchana litayarudisha maji yalikotoka.

Hata ukimudu barafu, kuna oksijeni. Maji ya nyuzi 28 hayashiki zaidi ya miligramu 7.8 kwa lita. Ya nyuzi 15 hushika 10. Trauti anataka 7 kwenda juu muda wote, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo mwili wake unavyodai zaidi. Pampu ya hewa haiwezi kupita kiwango ambacho maji yenyewe yanashika.

Ukiwa na ndugu mwenye kijito kwenye nyanda za juu, hapo pana mazungumzo. Apime joto saa tisa alasiri katika miezi ya joto, wala si asubuhi, kwa sababu samaki huuawa na joto la alasiri. Akumbuke kuwa kwenye mwinuko wa mita 2,000 oksijeni hupungua kwa karibu moja ya tano, hivyo maji ya nyuzi 15 yatashika takriban 8 tu, na yatahitaji kuporomoka kwenye ngazi za mawe kabla ya kuingia bwawani. Wakati wa masika awe na bwawa la kutulizia tope, maana tope huziba mashavu. Mayai huanguliwa kwa siku 31 hivi maji yakiwa nyuzi 10, na yafunikwe. Mwanga mkali huyaua. Kabla ya yote aende kwa afisa uvuvi kuulizia kibali. Trauti ni mgeni na hula samaki wadogo wa kijito, akitoroka hasara si ya mfugaji peke yake.

Wewe endelea na sato. Ukitaka aina ya pili, kambare atavumilia matangi yako.

Wengine humwita songoro samoni mweusi. Marehemu babu alikuwa akiagiza samoni wa India. Hawa nao ni ukoo mmoja? (Msomaji, Upanga)

Hapana, wote wawili. Samoni wa India, rawas, ni *Eleutheronema tetradactylum*. Chini ya pezi la kifuani ana nyuzi nne zinazoning'inia, kitu ambacho hakuna samoni anacho. Samoni wa Kepi wa Afrika Kusini naye ni wa familia nyingine kabisa.

Tahadhari moja kwa waliosoma jibu la Feri hapo juu. Pezi la shahamu likikosekana pasipo kovu, huyo si samoni. Likiwapo, bado hujamaliza. Hongwe wa baharini analo, gogogo wa Ziwa Victoria analo, na hao wana sharubu, hawana magamba, na miba yao huchoma vibaya. Ukoo wa samoni una magamba, hauna sharubu wala mwiba wa kuchoma.

Songoro, *Rachycentron canadum*, hana pezi hilo. Mpitishe kidole mgongoni kutoka kichwani kwenda nyuma, taratibu: kabla ya pezi kubwa utagusa miba mifupi iliyoachana, saba hadi tisa, kila mmoja umesimama peke yake.